Nyuma Kwanza: Difu na Ekseli za Gari la Nguvu

Mhadhara uliotolewa Gorong'a, Tarime, mbele ya mafundi, madereva, walimu na wakazi

   

 Nilipoombwa kuzungumzia magari ya nguvu nilidhani waandaaji wamekosea mahali, maana barabara zetu hapa milimani zinajulikana. Nikaelezwa. Vijana wa Tarime, Sirari na Nyamongo siku hizi wananunua Mark II, Altezza na Subaru, na baadhi yao wanang'oa injini ya kawaida na kupachika yenye turbo iliyotoka kwenye gari lililokatwa nusu. Gari linanguruma vizuri wiki mbili tatu. Kisha linakutwa kwenye mlima, injini inawaka, gia inaingia, na gari haliondoki.

Kusudi langu leo ni kuwashawishi kwamba gari la nguvu hujengwa kuanzia nyuma kuja mbele. Anayetaka kuongeza nguvu ya injini aanze na difu na ekseli, na akifika huko asijidanganye kwamba atatengeneza kitu kisichovunjika. Kazi yake ni kuamua mapema kipi kivunjike kwanza. Nina hoja tano. Baadhi ni fupi, ya pili na ya tatu ndizo zenye nyama.

Kwa wasio mafundi, neno kidogo. Difu ni lile dubwana la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Propela inaleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi. Gia ndogo, pinioni, inasukuma gia kubwa ya duara, kronwili. Hapo mzunguko unageuzwa kona, mwendo unapungua, na nguvu ya kuzungusha, ambayo nitaiita torki, inaongezeka. Ndani yake kuna gia za spaida, zinazoruhusu gurudumu la nje kuzunguka zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliliwaza jambo hilo kwa gari la mvuke tangu miaka ya 1820. Kutoka kwenye spaida, ekseli mbili zinapeleka torki kwenye magurudumu. Wenye Probox wanaotabasamu hapo katikati, najua: nyingi kati ya hizo zinavutwa na magurudumu ya mbele, huko nyuma hazina difu. Vumilieni tu, kesho mtanunua Noah.

Hoja ya kwanza: Afrika Mashariki ilishalijibu swali hili

Wengi mnaijua Safari Rally ya sasa, ya Naivasha, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Ile ya zamani ilikuwa kitu kingine. Ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi na tope, kwenye barabara ambazo siku hiyo hiyo zilikuwa na mabasi na mifugo.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, ikashinda Peugeot 404 nyingine, ya Bert Shankland na Chris Rothwell. Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Sasa jiulizeni 404 ilikuwa na nini. Injini ya sentimita za ujazo 1,618, ambayo haikufika nguvu farasi 100. Kuna Noah ya kubeba abiria inayoizidi.

Ilichokuwa nacho kilikuwa nyuma. Propela yake ilizunguka ndani ya bomba nene lililofungwa imara kwenye difu, kwa hiyo mshtuko ulipokelewa na bomba zima na si na jointi peke yake. Ndani ya difu hapakuwa na pinioni na kronwili za kawaida, palikuwa na gia ya mzungo, chuma kinachosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Gia ya namna hiyo inapoteza nguvu kidogo kwa msuguano, lakini inagusana kwa eneo pana na inavumilia mapigo. Wafaransa hawakuitengeneza kwa ajili ya mashindano. Ilikuwa gari la daktari na la mwalimu mkuu.

Yalikuja pia magari yenye kasi ya kweli. Datsun 240Z ilishinda 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Na linalonifurahisha kuliko yote ni la miaka ya 1984, 1985 na 1986. Wakati huo Audi na Peugeot walishaleta magari yanayovuta magurudumu yote manne. Toyota wakaja na Celica yenye turbo inayosukuma magurudumu ya nyuma tu, na wakashinda miaka yote mitatu: Björn Waldegård, Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Torki yote ya injini ile ilipita kwenye difu moja na ekseli mbili, kwenye barabara za Kenya, kwa siku kadhaa, na ikafika. Anayeniambia kwamba gari la kusukuma nyuma haliwezi barabara za Afrika Mashariki ninampa miaka hiyo mitatu.

Hoja ya pili: ekseli haikatwi na injini, inakatwa na mshtuko

Fundi akikuta ekseli imekatika husema, "Injini ni kubwa mno." Tupige hesabu, na mwalimu wa hisabati anisahihishe.

Chukua injini yenye torki ya nyutonimita 300. Gia ya kwanza inazidisha mara 3.3, difu inazidisha mara 4.1. Tuna zaidi kidogo ya nyutonimita 4,000. Difu ya kawaida inagawa sawasawa, kwa hiyo kila ekseli inangojewa na 2,000 hivi. Inatisha. Lakini tairi itapokea kiasi gani? Gurudumu moja la nyuma la gari la tani moja na nusu linabeba kilo 350 au zaidi kidogo. Kwenye lami kavu, kwa tairi ya nusu kipenyo cha sentimita 30, litaanza kuteleza torki ikikaribia nyutonimita 900. Kwenye udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha, 300 tu zinatosha kulifanya lizunguke bure. Tairi inasalimu amri kabla ekseli haijahisi nusu ya zile 2,000.

Basi ekseli zinakatikaje? Zinakatika tairi inapozunguka bure kisha ghafla ikashika. Mmeona: gari limenasa kwenye tope, dereva anakanyaga, mshale wa spidi unasoma 60 na gari limesimama palepale. Wakati huo vinavyozunguka si tairi tu. Ni tairi, rimu, ekseli, kronwili, propela, gia zote na gurudumu zito la injini, vyote vimebeba mwendo. Tairi inagonga jiwe lililofichika chini ya tope, inasimama. Vilivyo nyuma yake havijapata habari. Mwendo wote ule unatakiwa uishe ndani ya kufumba na kufumbua, na mahali pa kuishia ni kwenye ekseli. Ni vivyo hivyo gari likiruka tuta na kutua dereva akiwa bado amekanyaga mafuta. Ndiyo maana dereva wa rali anayejua kazi huachia mafuta akiwa hewani.

Nimekuja na vipande viwili, vipite mkono kwa mkono, na nitavidai. Kile cha kwanza angalieni meno ya mwishoni, yale yanayoingia kwenye difu. Yalitoka kiwandani yamenyooka sambamba na ekseli. Sasa yamepinda, yamelala upande mmoja. Na penye mkato chuma ni bapa, kimesagika kwa kuzunguka. Hiyo ni ekseli laini iliyozidiwa mara moja: ilijisokota kwanza, kisha ikaachia. Dereva wake alikanyaga.

Cha pili ni kesi tofauti kabisa. Meno yamenyooka. Sehemu kubwa ya mkato ni laini, inang'aa kidogo, na ukiielekeza kwenye mwanga utaona mistari ya nusu duara inayopanuka kutoka upande mmoja. Pembeni tu ndipo chuma kimechanika kwa ukali. Ekseli hii ilianza kukatika miezi mingi kabla, kidogo kidogo, kila mlima ukiongeza mstari wake, mpaka siku ya mwisho kilichobaki hakikutosha. Fuateni mistari hadi ilipoanzia: mtakuta kovu la patasi. Kuna mtu alitoa beringi kwa patasi na nyundo badala ya kutumia mtambo wa kukandamiza. Kovu lenyewe ni la milimita moja. Huyu hata angeacha injini yake ya zamani, ekseli ingekatika.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, soma kilichovunjika. Meno yaliyopinda yanaomba ekseli nene au mguu mwepesi. Mistari ya nusu duara inaomba fundi mwingine.

Hoja ya tatu: ukifunga difu, umebadilisha hesabu

Vijana, hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Difu ya kawaida ina tabia moja inayochukiwa na madereva wote: tairi moja ikiwa kwenye tope na nyingine kwenye jiwe kavu, ile ya kwenye tope inazunguka na ile ya kwenye jiwe inatazama. Ni kwa sababu inagawa torki sawasawa, na sawa na ya mnyonge ni kidogo. Lakini tabia hiyo hiyo inalinda ekseli. Upande wowote hauwezi kupewa zaidi ya kile upande dhaifu unachoweza kupokea.

Ukiweka kifaa cha kuzuia hilo, ulinzi unaondoka. Difu ikifungwa kabisa, ekseli ya upande ulioshika inaweza kubebeshwa torki yote, ya pande mbili. Gurudumu likiwa limebanwa na jiwe, zile nyutonimita 4,000 za hesabu yetu zinapita kwenye chuma kimoja. Anayefunga difu bila kubadilisha ekseli amejinunulia mkato.

Vifaa vyenyewe viko vya namna kadhaa. Kuna difu ya sahani, ambayo ndani yake sahani za chuma zinakandamizana kadiri dereva anavyokanyaga. Inavuta vizuri, inataka oili yenye dawa yake maalumu, na sahani zikiisha zinabadilishwa. Rali na mashindano ya kuteleza kwa makusudi huipenda. Kuna Torsen, iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Gleasman, inayotumia gia za mzungo na msuguano wake. Haina sahani za kuisha, haishtui, inafaa gari la barabarani. Kasoro yake ni kwamba gurudumu moja likiwa hewani kabisa inarudi kuwa difu ya kawaida, kwa sababu inazidisha torki ya upande dhaifu, na sifuri ukiizidisha inabaki sifuri. Dawa ni kugusa breki kidogo huku ukikanyaga mafuta: tairi ya hewani inapata kitu cha kusukuma. Kuna za mnato, zenye majimaji mazito ya silikoni. Zikizeeka hazishiki, na za mtumba nyingi zimeshazeeka. Na kuna difuloki, inayofunga kwa swichi, ambayo baadhi ya Land Cruiser za watalii hapo Serengeti zinayo. Dereva wa hifadhi aliyefundishwa huiwasha gari likiwa limesimama au linatambaa, akivuka huizima. Haiwashi tairi ikiwa inazunguka.

Ya mwisho ni ya mchomeleaji. Anafungua difu, anachomelea spaida, anafunga. Rahisi sana. Magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja daima, kona yoyote lazima tairi moja iburuzwe, na ekseli zinasokotana kila unapoingia sokoni. Kwa uwanja uliofungwa, kwa gari la mchezo, mtu mzima na afanye atakavyo. Kwa gari linalopita mbele ya shule ya msingi siku ya mvua, ambalo likikata kona linaweza kukataa kugeuka na kwenda moja kwa moja, nasema hapana, na sina sababu ya kulainisha maneno.

Ushauri wangu kwa barabara za hapa: Torsen au sahani zilizolegezwa kwa gari la kasi, difuloki kwa gari la mzigo, na katika yote ekseli zibadilishwe pamoja na difu, si baada yake.

Hoja ya nne: imarisha mnyororo wote, kisha uchague kiungo cha kuachia

Tuanze na ukubwa. Wajapani wa Subaru na Nissan wameturahisishia kwa kuzipa difu zao majina yanayotokana na kipenyo cha kronwili kwa milimita: R160, R180, R200. Impreza WRX za kawaida zimetoka na R160. STI, dada zake wenye nguvu, wengi walipewa R180. Datsun 240Z nayo ilitoka kiwandani na R180. Milimita 20 zinaonekana chache, lakini meno yanakuwa mapana, pinioni inanenepa, beringi zinakua. Mark II zenye injini ya 1JZ ya turbo, iliyotangazwa kwa nguvu farasi 280, zilipewa difu kubwa kuliko zile za injini ya kawaida ya 1G, ambayo ina kama nusu ya nguvu hiyo. Ndiyo kusema unaponunua injini kutoka kwenye gari lililokatwa, waambie wakuuzie na nyuma yake: difu, ekseli na vikombe vyake. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au ukivuka Sirari hadi Kirinyaga Road, Nairobi, utaona injini zimepangwa mbele na difu zimetupwa pembeni. Anza na zile za pembeni.

Kuhusu ekseli, kumbukeni jambo moja la hesabu. Uimara wa ekseli dhidi ya kusokotwa unakua kwa kipenyo kuzidishwa mara tatu kwa chenyewe. Kutoka milimita 28 hadi 32 ni milimita 4 tu, lakini uimara unaongezeka kwa karibu nusu. Chuma nacho kina daraja. Ekseli za mashindano hutengenezwa kwa chuma chenye nikeli, kromu na molibdenamu, kinachokubali kusokotwa na kurudi. Ekseli ya kuchongwa mtaani kutoka kwenye nondo yoyote iliyopatikana hairudi.

Uwiano wa difu nao watu wanauchezea bila kufikiri. Kronwili ya meno 43 na pinioni ya meno 11 inatoa 3.909. Meno 40 kwa 9 inatoa 4.444. Hii ya pili inapanda mlima kwa wepesi zaidi, na kwenye milima yetu, ambako hewa nyepesi inaiibia injini isiyo na turbo takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kishawishi ni kikubwa. Bei yake ni hii: injini iliyokuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika kwenye mwendo fulani sasa itazunguka 3,400 kwa mwendo huo huo, na pinioni ya meno 9 ni nyembamba kuliko ya 11. Umeongeza torki na kupunguza chuma kwa pamoja. Wenye Subaru wana mtego wa ziada. Difu ya mbele iko ndani ya giaboksi. Ukibadilisha ya nyuma ikawa 4.444 na ya mbele ikabaki 3.9, magurudumu yanashindana kila mzunguko, na kifaa cha katikati kinachemka hadi kufa. Hesabu meno kabla ya kulipa.

Sasa kiungo cha kuachia. Anayelima kwa ng'ombe wanne anajua plau likigonga kisiki kitu lazima kiachie, na mkulima mwenye akili anapenda iwe boliti anayoweza kuibadilisha shambani, si nira wala shingo ya ng'ombe. Gari nalo litagonga kisiki. Ni kipi unataka kiachie?

Jibu linategemea muundo wa nyuma. Mark II, Altezza na Subaru kila gurudumu linajitegemea. Uzito wa gari unabebwa na mikono ya chini na beringi za gurudumu, na kutoka kwenye difu inatoka shafti fupi yenye jointi mbili. Hapo shafti hiyo inaweza kuwa boliti yako. Ikikatika gari linasimama, lakini gurudumu linabaki mahali pake, na fundi mwenye shafti ya akiba kwenye buti anaibadilisha kando ya barabara. Weka difu iliyo imara kuliko shafti, kamwe usifanye kinyume, maana shafti iliyokatika ni kazi ya jioni moja na kronwili iliyong'oka meno ni difu nzima.

Hilux nyingi si hivyo. Ekseli yake inasokotwa na pia inabeba uzito. Ikikatikia karibu na kikombe cha nje, gurudumu linaweza kuondoka na kukutangulia kwenye mteremko. Hapo usithubutu kuichagua ekseli iwe ya kuachia. Ichague klachi: weka yenye uwezo uliozidi torki ya injini kidogo tu, ili mshtuko ukija iteleze. Itaungua mapema, utalalamika, utakuwa hai. Wale wanaoweka klachi ya mashindano yenye sahani za shaba kwenye gari lenye ekseli za kiwandani wameiondoa fyuzi na kuweka msumari.

Aina ya tatu ni ya Fuso na ya Land Cruiser nyingi za kazi, zile ngumu za vijijini. Kikombe cha gurudumu kinakaa juu ya bomba la nyumba ya difu, kwa hiyo ekseli kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kuichomoa kwa kufungua nati za nje, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Dereva wa hifadhi aliyekatikiwa ekseli kusini mwa Mto Mara huondoa vipande, huziba tundu oili isimwagike, huunganisha difu ya mbele na kurudi nyumbani polepole. Kama ningekuwa na gari la nguvu la kubeba watu na mzigo kwenye barabara zetu, muundo huu ningeuchagua nikiwa nimefumba macho.

Hoja ya tano: kazi ya mikono

Difu bora iliyofungwa vibaya hailingani na ya kawaida iliyofungwa vizuri. Nitasema mambo matatu tu.

La kwanza ni nafasi kati ya meno. Kwa difu nyingi za Toyota pinioni na kronwili zinatakiwa ziwe na uwazi wa milimita 0.13 hadi 0.18. Hicho ni kipimo cha saa ya kupimia, si cha kidole. Kisha paka meno machache rangi nyembamba ya mafuta, zungusha kwa mkono huku mwenzako akiizuia kidogo, utazame alama. Ikikaa katikati ya jino, vema. Ikikimbilia ncha ya jino, pinioni iko mbali mno, ongeza shimu ya kuisogeza. Ikizama kwenye shina, iko ndani mno, punguza. Kazi hii inarudiwa mara nyingi kadiri inavyohitajika, na anayekwambia ameipata mara ya kwanza mwombe aifungue uone.

La pili ni nati ya pinioni. Chini yake, kwa difu nyingi, kuna bomba jembamba linalokandamizwa mara moja tu katika maisha yake. Likishakandamizwa halirudi. Nati inakazwa mpaka kuzungusha pinioni yenye beringi mpya kuhitaji nyutonimita moja au mbili hivi, nguvu ndogo sana, na ukipitiliza hulegezi nati, unanunua bomba jingine. Huku kwetu nati hiyo inakazwa kwa patasi hadi fundi achoke. Ndiyo ile difu inayolia ukifika kilomita 80 kwa saa.

La tatu ni maji. Difu ina kitundu cha kupumulia juu ya nyumba yake. Umetoka mlimani, oili imechemka, unaingia mtoni. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na kitundu kikiwa kimezibwa na tope difu inavuta maji kupitia sili. Oili inageuka nyeupe, na beringi zinaanza kupata kutu gari likiwa limepumzika. Funga mpira kwenye kitundu hicho uupandishe hadi juu ya bodi. Ni kazi ya nusu saa, na wengi wenu mnaovuka Mto Tigithe wakati wa masika mnaihitaji kuliko turbo. Oili mpya ya difu iliyojengwa upya imwagwe baada ya kilomita 500 hadi 800, muitazame kwenye mwanga, kisha mtie nyingine.

Yaliyo mbele

Niruhusuni nimalizie na yajayo. Magari ya umeme yatafika hapa, kwanza ya mtumba, yote yakiwa na injini inayotoa torki yake kamili tangu gari limesimama. Hakuna klachi ya kuteleza, hakuna gia ya kwanza wala ya tano. Kuna mota, gia za kupunguza mwendo na difu ndani ya nyumba moja. Betri zinayafanya mazito, na gurudumu lililobebeshwa uzito zaidi linapokea torki zaidi kabla ya kuteleza, kwa hiyo ile hesabu ya hoja ya pili itawakaba zaidi kuliko sasa. Kiungo cha kuachia kitakuwa kwenye programu, na mtu asiyeijua programu atakimbilia kuongeza nguvu na kukata shafti vilevile. Mafundi wa difu hawatakosa kazi.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Gereji za Tarime zichangie vyombo vya kupimia: saa ya kupimia uwazi, spana ya torki na mtambo wa kukandamiza beringi, vikae mahali pamoja na kuazimwa kwa daftari. Gereji moja haiwezi, kumi zinaweza. Na vijana mlio kwenye mafunzo ya ufundi, anzisheni rafu ya vilivyovunjika, kila kipande na kibandiko chake: gari gani, mzigo gani, barabara gani, mkato wa namna gani. Baada ya masika mawili mtakuwa mnajua juu ya ekseli za barabara hizi mambo ambayo aliyezitengeneza Japani hayajui. Vile vipande viwili vinavyozunguka humu ukumbini, nimeshaamua, sivichukui. Vianze rafu.

Mezani pale kuna difu ya Mark II, imeshamwagwa oili. Mwenyekiti akiridhia, tutapokea maswali kisha tuifungue. Nahitaji kijana mmoja mwenye mikono iliyonawa, na mwingine mwenye macho makali wa kusoma saa ya kupimia.